Ubongo Haujibadilishi Peke Yake

Kitabu cha Norman Doidge, The Brain That Changes Itself, kilitoka mwaka wa 2007 na hadi leo hakijapoa. Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, shilingi 300, kurasa zikiwa zimeshapigwa mistari na kalamu ya mtu mwingine. Huyo msomaji wa kwanza alipiga mistari kwa mpango. Sura za mapenzi na za ponografia alizipita bila kugusa. Palipotajwa kiharusi alikandamiza kalamu hadi karatasi ikaachia. Hakuwa anasoma kujiburudisha, na mimi pia sikukinunua kwa burudani.

Doidge ni daktari wa akili kutoka Kanada, na anaandika vizuri. Hilo niliseme mapema kwa sababu nakuja kumlaumu. Anachukua taaluma nzito, anaipa watu, nyuso na mashaka, na ukifika mwisho wa sura unataka kuamka ufanye mazoezi. Shida yangu iko kwa jina la kitabu, na kwa kile ambacho jina hilo limeruhusu vitabu vingine, video na wauza dawa waseme baadaye.

Hebu tulitafsiri: Ubongo Unaojibadilisha. Hiyo -ji- ni silabi ndogo lakini mzigo wake si mdogo. Anayetenda na anayetendewa ni mmoja. Anajiosha, anajilisha, anajivalisha. Muulize yeyote aliyewahi kuishi na mtu aliyepigwa na kiharusi, atakwambia vitenzi hivyo vitatu ndivyo vya kwanza kuondoka. Siku ya pili tu mtu anaoshwa, analishwa, anavalishwa. Na hapo kauli ya kutendwa inafanya ujanja ule ule wa -ji-, kwa sababu inakubali sentensi iishe bila kusema nani. Anaoshwa. Nukta. Na nani? Sarufi haikulazimishi useme.

Hicho ndicho kipimo changu kwa vitabu vya kiharusi. Nikishafungua, natafuta aliyeshika beseni.

*

Sura ya kwanza ya Doidge ina hadithi ambayo ingetosha kuwa kitabu kizima. Mwaka wa 1959, Pedro Bach-y-Rita, mshairi na mwalimu wa chuo huko New York mwenye miaka 65, alipata kiharusi. Uso na nusu ya mwili vikapooza, maneno yakapotea. Madaktari hawakuwa na la kuahidi. Mwanawe George, aliyekuwa akisomea udaktari Mexico, akamchukua akaenda naye huko. Wiki nne za hospitali hazikubadilisha kitu, mzee akarudishwa nyumbani akiwa bado hawezi hata kufika chooni peke yake.

George hakujua lolote kuhusu matibabu ya viungo, na Doidge anaona kutojua huko kulimwokoa babake, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha George kukata tamaa. Alianza pale mtoto anapoanzia: kutambaa. Mzee wa heshima, mshairi, anatambaa sakafuni bega likiegemea ukuta. Baadaye wakatoka nje kwa bustani, na majirani wakanong'ona kwamba si adabu kumfanya profesa atambae kama mbwa. Wakacheza gololi ili mkono mbovu ujifunze kuokota. Akaosha sufuria, dakika 15 kuzungusha mkono upande mmoja, dakika 15 upande mwingine. Mwaka haujaisha vizuri, Pedro akawa anaweza kurudi kufundisha. Aliishi hadi miaka 72, akaoa tena, na moyo ukamsimamia akiwa milimani Colombia, anapanda.

Kisha inakuja sehemu inayofanya nywele zisimame. Maiti ilipochunguzwa, ilionekana kwamba kiharusi kile hakikuwahi kupona. Kidonda kilikuwa palepale, kikubwa, na asilimia 97 ya njia za neva zinazoshuka kutoka gamba la ubongo hadi uti wa mgongo zilikuwa zimeharibika. Mtu alitembea, akafundisha, akapanda milima kwa ubongo uliovunjika. Mwanawe mwingine, Paul, mwanasayansi, alitazama picha zile na maisha yake ya kazi yakageuka.

Ni hadithi ya kweli na ni hadithi kubwa. Lakini isome tena polepole. Pale Pedro anapofika nyumbani kwa George akiwa hajiwezi, kuna sentensi inayosema George alimwogesha na kumpeleka chooni kwa msaada wa mtunza bustani. Mtunza bustani! Anaingia, anainua mzee wa watu kutoka chooni, halafu kitabu kinamwacha hapo. Hana jina. Hatujui alilipwa nyongeza au la. Na yeye ndiye mkono wa pili wa muujiza mzima, maana kijana mmoja peke yake hamwinui mtu mzima aliyelegea kila siku, mara kadhaa kwa siku, bila mgongo kusalimu amri.

Kwa hivyo ubongo wa Pedro ulijibadilisha? Ulibadilika, ndiyo. Ila katika nyumba ile kulikuwa na watu watatu wakifanya kazi, na jina la kitabu linahesabu mmoja.

*

Wengi wetu hatukuipata habari hii kutoka kwa Doidge. Tuliipata ikiwa imekatwakatwa: kipande cha video dakika mbili, mtu mwenye koti jeupe, mchoro wa ubongo ukimetameta kwa rangi ya zambarau, na sauti inasema ubongo wako huota seli mpya kila siku, hata baada ya kiharusi. Sawa. Hebu tuone hiyo seli mpya ni nani.

Kwa miaka mingi ya karne ya 20 fundisho lilikuwa kwamba seli za neva ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo. Mwaka wa 1962, Joseph Altman, akiwa MIT, alichapisha ushahidi kwamba wanyama waliokomaa wanaweza kuzaa seli mpya za neva, na wenzake wengi wakampita kama mtu anayeongea peke yake kwa stage. Miaka ya 80, Fernando Nottebohm aliona seli mpya zikizaliwa kwa ubongo wa ndege aina ya kanari waliokomaa, katika sehemu ya kuimbia. Mwaka wa 1998, Peter Eriksson wa Sweden na Fred Gage wa Marekani wakaleta ya binadamu. Wagonjwa wa saratani walikuwa wamepewa kemikali inayotia alama seli zinazogawanyika. Walipofariki, bongo tano zilichunguzwa, na alama zikaonekana ndani ya hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Watu wale walikuwa wanakufa na bado seli zilikuwa zinazaliwa. Hata mimi nisiyependa kulia na jarida la sayansi, hapo nilinyamaza kidogo.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Sweden walitumia kaboni-14 iliyomwagwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya enzi ya Vita Baridi kupima umri wa seli, wakakadiria kwamba kila hipokampasi ya mtu mzima hupata seli mpya 700 kwa siku. Halafu mwaka wa 2018 kundi lingine likaandika kwenye Nature kwamba kwa watu wazima hawakuona seli changa hata moja. Kabla mwezi huo haujasahaulika, kundi la tatu likachapisha kwamba ziko, hadi uzeeni. Kesi hii imeendelea kubishaniwa. Kwenye video ya dakika mbili haina mabishano yoyote.

Lakini hiyo ni hipokampasi, na ni siku ya kawaida. Kiharusi ni kitu kingine. Mshipa mkubwa ukiziba bila matibabu, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Weka hizo 700 za kwa siku kando ya hizo milioni za kwa dakika, uone kama unahitaji kikokotoo.

Mwaka wa 2002, maabara ya Olle Lindvall huko Lund, Sweden, ilichapisha utafiti ambao nadhani ndio babu wa kila video niliyotumiwa. Panya walisababishiwa kiharusi. Seli mpya zikazaliwa kwenye kuta za vyumba vya maji vya ubongo, zikafunga safari hadi mahali palipoharibika, na nyingine zikaanza kufanana na seli zilizokuwa zimekufa. Ukikatiza hadithi hapo, una injili. Watafiti wenyewe hawakukatiza. Waliandika kwamba zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo mpya zilikufa, na zilizobaki zilijaza takriban asilimia 0.2 tu ya pengo. Yaani, katika kila nafasi 500 zilizoachwa wazi, moja ikapata mtu. Na mwaka wa 2014, kipimo kile kile cha kaboni-14 kilipotumiwa kwa watu waliopata kiharusi cha gamba la ubongo, hakikuonyesha seli mpya za neva zikichukua nafasi ya zile zilizokufa.

Kama msomaji wa hadithi, naona kilichofanyika kati ya maabara na simu yangu. Hadithi ya panya ina mwanzo, safari na mwisho. Mwanzo umesambazwa, safari imesambazwa, mwisho umebaki Lund.

Na hii haimaanishi hakuna kupona! Pedro alipona. Wengi hupata nafuu. Lakini kinachofanya kazi kubwa, kwa tunavyojua, ni seli zilizobaki hai. Zinafungua njia mpya kati yao, zinachukua kazi ambazo hazikuwa zao, na zinajifunza kazi hiyo kwa njia moja ya kuchosha: kurudia. Jaribio moja kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka wa 2006 lilifuata watu 222. Mkono mzima ulivalishwa glavu isiyoshika kitu ili mkono mbovu ulazimike, na mazoezi yakawa hadi saa sita kwa siku, kwa wiki mbili. Walifaidika kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida. Ila kuingia kwenye jaribio ulihitaji kuwa bado unaweza kukunjua kifundo na vidole kidogo. Mkono uliolala kabisa haukupewa fomu.

Saa sita kwa siku. Sasa uliza nani yuko nyumbani saa sita kwa siku.

*

Kwetu nilikuwa mimi. Shosho alipata kiharusi nikiwa nimeacha chuo miezi minne kabla, karo ikiwa imeshinda nyumba nzima. Kila mtu alikuwa na pa kwenda asubuhi isipokuwa mimi, kwa hivyo kijiko kikawa changu. Hakuna kikao kilichofanywa. Siku moja nilikuwa mtu asiye na kazi, siku iliyofuata nilikuwa na kazi ambayo hakuna mtu aliiita kazi.

Mtu wa fizio alikuja mara mbili, pesa zikaisha, akatuachia maelekezo kwa karatasi ya daftari. Tulitumia maharagwe. Kutoka sufuria hadi bakuli, moja moja, kwa mkono wa kulia. Shosho amechambua maharagwe tangu kabla Kenya ipate bendera, na sasa harage moja lilikuwa linamkimbia kama kuku. Wiki ya tisa, kidole gumba kikaanza kuskia. Mwezi wa tano akashika kikombe. Hapo ndipo mkono uliposimama. Vifungo vya sweta havijawahi kurudi.

Katikati ya hayo zikaja zile video, na nyuma ya video zikaja vidonge: chupa ya shilingi 6,500, yenye picha ya ubongo unaochipua majani. Binamu alituma kwa upendo, sina neno naye. Mama mmoja wa kanisa akamshika Shosho mkono na kumwambia akiamini, ubongo utajirudisha wenyewe. Tena hiyo -ji-. Na mkono uliposimama, ile ile -ji- ikageuka kesi. Kama ubongo hujiponya, basi ambao haujapona una mwenyewe aliyezembea. Nilisikia mtu sebuleni akisema mzee amekata tamaa. Shosho alisikia pia. Alichukua muda wake kuyapanga maneno, maana siku hizo kila neno lilikuwa na foleni, akasema, "Nimechoka. Sijakata."

Hakuna kitabu kati ya hivi ninavyovijadili kilichoniandalia tofauti hiyo. Vitabu vya kupona vina watu wanaopambana na watu waliokata tamaa. Aliyefanya yote aliyoambiwa, akafika alipofika, akachoka, hana sura yake.

*

Jill Bolte Taylor ndiye nyota wa aina hii ya uandishi, na sifa yake ana haki nayo. Alikuwa mtaalamu wa ubongo pale Harvard, miaka 37, mshipa ulipopasuka upande wa kushoto wa ubongo wake asubuhi ya Desemba 10, 1996. Kitabu chake, My Stroke of Insight, kilianza mwaka wa 2006, na hotuba yake ya TED ya mwaka wa 2008 ikamfikisha kwa mamilioni. Kurasa za asubuhi ile, anapojaribu kupiga simu na tarakimu zimekuwa michoro isiyo na maana, ni kati ya kurasa bora nilizosoma za mtu akieleza kupotea kwake kutoka ndani.

Lakini weka kitabu na hotuba kando kwa kando. Kitabuni kuna mtu anaitwa G.G. Ni mamake. Anafika hospitalini, anapanda kitandani kwa binti yake mwenye shahada zote hizo, anamkumbatia kama mtoto mchanga. Kisha anakaa. Anamfundisha kusoma upya, anamrudisha kwenye michezo ya watoto ya kupanga picha, anamwacha alale anapohitaji kulala, hamwulizi maswali ya ndiyo na hapana bali yale yanayomlazimu kutafuta. Ukiniuliza mimi, G.G. ndiye mwalimu bora katika vitabu vyote hivi. Kupona kulichukua miaka minane.

Kwa hotuba, miaka minane ni sentensi moja. Mama ni picha moja na neno la shukrani, tunasonga. Muda uliobaki unakwenda kwa ule utulivu mkuu wa upande wa kulia wa ubongo, na mwito kwamba sisi sote tunaweza kuuchagua. Naelewa, jukwaa lina saa. Lakini uchaguzi wa kipi kikatwe ni uchaguzi wa mwandishi, na kilichokatwa ni kazi ya mama. Watu waliotazama hotuba ni wengi sana kuliko waliosoma kitabu, kwa hivyo duniani kuna umati unaojua kwamba kiharusi kinaweza kukufungulia amani, na kikundi kidogo kinachojua kwamba mtu alipanda kitandani.

Kitabu ninachokipenda zaidi ni kile ambacho hakina kupona ndani yake. Jean-Dominique Bauby alikuwa mhariri wa Elle ya Ufaransa, miaka 43, kiharusi kilipompiga Desemba 1995. Akili ilibaki nzima. Mwili ulifungwa wote isipokuwa jicho la kushoto. Katika hospitali ya Berck, kando ya bahari, mtaalamu wa matamshi alimfundisha mfumo: anasomewa herufi kwa mpangilio wa zinazotumika sana katika Kifaransa, na herufi yake ikifika anapepesa. Claude Mendibil alikaa naye, akasoma herufi, akaandika. Inakadiriwa alipepesa mara 200,000. Le Scaphandre et le Papillon kilichapishwa Machi 1997, na siku chache baadaye Bauby akafa.

Unaweza kusema ni kitabu cha mtu wa tabaka lake, na ni kweli. Kina kumbukumbu za hoteli, magari na vyakula vya kifahari, na ile hospitali yenye wataalamu wa kila kiungo inasomeka hapa kwetu kama ndoto. Lakini angalia kilichotokea kwa sentensi zake. Ni fupi kwa sababu kila herufi ina gharama. Kila sura inaisha kabla mtu wa pili achoke. Alizitunga kichwani mapema, akazikariri, ili asipoteze muda wa mwenzake. Kazi ya Mendibil haikuwekwa tu mwanzoni kama shukrani, ingawa shukrani ipo. Imeingia kwenye urefu wa aya. Huwezi kusoma ukurasa wowote wa Bauby bila kusoma kwa wakati mmoja subira ya mtu aliyekaa kando ya kitanda akirudia alfabeti.

Kwa Kiswahili tuna kiambishi cha hilo: -an-. Kusaidiana, kufundishana, kuandikiana. Bauby hakujiandikia kitabu na hakuandikiwa. Waliandikiana, na kitabu kinajua hivyo. Ndiyo maana hakinidanganyi, ingawa hakina hata seli moja mpya ya kunipa.

*

Mei 2019 tulimpoteza Binyavanga Wainaina kwa kiharusi, akiwa na miaka 48. Hakikuwa cha kwanza. Kwa wengi wetu tunaoandika Nairobi bila mwajiri, jina lake liko kwa kila mlango tuliopitia, hata milango tuliyopitia dirishani. Nikumbukavyo siku zile, mitandao ilijaa nukuu zake, ukali wake, vicheko vyake. Kuhusu miaka ya katikati, kati ya kiharusi na kiharusi, tulikuwa na maneno machache sana. Tuna lugha ya shujaa na tuna lugha ya tanzia. Lugha ya miezi mingi ya kujifunza kushika kikombe hatujaizoea, na hata hili neno kiharusi, lenye kuskika kama harusi ndogo, linakuja na mshtuko wa siku moja, kama kwamba kesho yake wageni wanaenda nyumbani.

Hapo ndipo naudhika na seli mpya kama mhusika. Si kwamba ni uongo. Inazaliwa, angalau kwa panya, inasafiri, inajaribu, na mara nyingi inakufa njiani, na hiyo peke yake ni hadithi nzuri ikiachwa iwe ndefu. Kinachoniudhi ni nafasi inayokalia. Ukishampa seli uhusika mkuu, humhitaji tena binti aliyeacha kibanda chake Gikomba ili ageuze mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda. Humhitaji houseboy, jirani, mjukuu. Huhitaji kuuliza kwa nini fizio inalipiwa mara mbili halafu inakuwa karatasi ya daftari. Tumaini likiwa ndani ya fuvu la mgonjwa, hakuna nje ya fuvu anayedaiwa kitu. Serikali haidaiwi, familia haidaiwi, na anayeuza chupa ya 6,500 anakuwa ndiye pekee aliyejitolea kusaidia.

Mtu atasema nawanyang'anya wagonjwa tumaini. Swali la haki. Jibu langu ni kwamba kuna tumaini la aina mbili hapa, na moja linategemea watu. Ukimwambia mgonjwa ubongo wake utaota upya, umempa kitu cha kungojea. Ukimwambia kwamba sehemu zilizobaki hai zinaweza kufundishwa kazi, polepole, kwa kurudia, na kwamba watu fulani watakuwepo wakirudia naye, umempa kitu cha kufanya na umejifunga wewe pia. La pili ni ghali zaidi kwa anayelisema. Nadhani ndiyo maana halisambai.

Kwa hivyo nasubiri kitabu. Kiandikwe na yeyote, kwa lugha yoyote ya hapa kwetu, bora mwandishi asiogope vitenzi virefu na watendaji wake wote. Kiseme nani alikuwepo, aliacha nini ili awepo, alilipwa ngapi au hakulipwa. Kiwe na nafasi ya mtu aliyechoka bila kukata tamaa, na ya mlezi aliyekasirika siku ya mvua na bado akachemsha uji.

Na kama kuna anayetaka mahali pa kuanzia, Doidge alishatuachia mlango wazi bila kujua. Arudi Mexico, nyumbani kwa George, amtafute mtunza bustani. Ningependa kujua kama baada ya kumwinua profesa alirudi kumwagilia maua mchana huo huo, kama mgongo ulimuuma, na alimwambia nini mkewe jioni kuhusu mzee anayetambaa.